Marejea ya Mwanamwema

Kila asubuhi, kabla ya kumwagilia mchicha, Mwanamwema binti Ame aliizunguka bustani yake ameinama, akitafuta miche ya miembe. Watoto wa Kigombe walikula embe njiani na kurusha kokwa popote, na zile zilizoangukia kwake zilichipua kwa urahisi kuliko chochote alichokipanda mwenyewe. Alipouona mche aliung'oa na mizizi yake, akauvunja katikati, kisha akautupa nje ya ua, mahali ambapo mpita njia yeyote angeuona umekufa.

Mgeni angeshangaa. Nani anakataa mwembe uliojiotea? Wenyeji walielewa. Bustani ile, iliyokuwa nyuma ya nyumba yake ya udongo na bati, haikuwa mali yake. Alikuwa ameazimwa, na katika pwani ile mti ni dai. Anayepanda mnazi au mwembe katika ardhi ya mwenzake anasema, bila kufungua kinywa, kwamba hana nia ya kuondoka. Magomvi mengi ya mirathi yameanzia kwenye mti mmoja ambao mtu aliupanda kwa ajili ya kivuli tu.

Masharti alipewa Shaib, mumewe, zamani walipokuja kutoka Pemba wakiwa bado maharusi. Shaib alikuwa fundi wa mashua, mtu wa maneno machache na mkono mzuri, na mashua ya kwanza aliyoitengeneza Kigombe ilikuwa ya Mzee Uweso. Mzee aliipenda kazi ile hata akamtaka fundi abaki. Akampa kiwanja cha kujenga na kipande cha ardhi nyuma yake, na maneno ya kumpa aliyasema mbele ya watu waliokuwa wakinywa kahawa barazani kwake. Hapa jenga, alisema, nyumba ni yako. Huko nyuma mkeo alime. Asipande cha kudumu. Ardhi ni yake maadamu anakula humo. Siku atakapoacha kula humo, itarejea kwetu.

Hakuna aliyeyaandika maneno yale. Hakuna aliyeona haja ya kuyaandika.

Miaka ikapita. Binti yao wa pekee, Maryam, akaolewa Wete. Shaib akafa kwa maradhi ya tumbo, akazikwa Kigombe, na Mzee Uweso naye akamfuata baada ya muda. Mwanamwema akabaki na nyumba, na bustani, na yale masharti mawili. Bustani ndiyo iliyomlisha. Alilima mchicha, bamia, nyanya chungu, kunde na mahindi kidogo. Mboga alizibeba kwenye ungo akapita nazo mlango kwa mlango, na kilichobaki alikipika. Hakuwa na shamba lingine. Maryam alipompigia simu kumshawishi arudi kwao, alimjibu kwamba kwao kaka zake walikwisha gawana mikarafuu mpaka kwenye kizingiti, na kwamba mtu hawezi kurudi mahali ambapo hakuachiwa hata pa kutandika mkeka.

Udongo wa Kigombe ni mchanga uliolala juu ya mawe ya matumbawe. Maji hayakai, na samadi ikiwekwa leo huliwa na jua mapema. Ardhi ya namna hiyo huhitaji kupumzishwa, na zamani watu waliipumzisha: walilima hapa, wakahamia kule, pori likaota, wakarudi. Mwanamwema hakuwa na kule. Alilima kipande kilekile, masika na vuli, tangu alipokuwa mwari wa Shaib mpaka nywele zake zilipoanza mvi.

Mwishowe ardhi ilichoka. Mchicha uliota ukiwa na rangi ya manjano, kana kwamba umezaliwa na homa. Bamia zilitoka fupi, ngumu kama vijiti. Kisha, katika masika iliyopita, kikaja kiduha. Kiduha ni jani dogo lenye maua mazuri ya zambarau, na uzuri huo ndio unaodanganya, kwa sababu mizizi yake hujishika kwenye mizizi ya mahindi na kuyanyonya yangali yamesimama. Mahindi ya Mwanamwema yalinyauka katikati ya mvua. Wanawake waliokuja kutazama walitikisa vichwa. Mmoja alinong'ona kwamba ni husuda, mwingine akasema Mpemba hafanyiwi husuda, Mpemba ndiye anayewafanyia wenzake. Wakacheka, na Mwanamwema akacheka nao, kwa kuwa mzaha huo alikwisha uzoea.

Mtu aliyemletea marejea alikuwa Manase, Mbondei mwenye shamba la michungwa karibu na Muheza. Manase alizoea kuja Kigombe na machungwa na kurudi na ng'onda, na siku moja, akingoja samaki wake wakauke vizuri, aliomba maji kwa Mwanamwema. Alikunywa huku akiangalia mahindi yaliyokauka. Hakutoa pole. Aliinama, akauvuta mche mmoja wa kiduha, akauliza bustani ile ilipumzishwa lini mara ya mwisho.

"Haijapumzika," Mwanamwema alimjibu. "Mie nami sijapumzika. Tunakwenda sawa."

Manase alimweleza jinsi wao kule wanavyofanya chini ya michungwa. Kuna mmea, alisema, unaitwa marejea. Hupandwa mwanzo wa vuli, huota haraka, hufunika ardhi yote jua lisiipige, na mizizi yake ina vijivimbe vidogo vinavyotia rutuba udongoni. Ukianza kutoa maua ya manjano hukatwa na kufukiwa palepale, kabla haujazaa mbegu. Masika ikija, unapanda juu yake. Kiduha chenyewe, aliongeza, hudanganyika kikaota chini ya marejea, kisha kikafa kwa kukosa cha kunyonya. Jina limetokana na hayo: yanarejesha kilichoondoka.

Mwanamwema alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza mara kadhaa kwa maneno tofauti. Je, ni mti? Shina lake likikomaa huwa gumu? Linaweza kudumu hata mwaka wa pili?

Manase alimhakikishia kwamba si mti. Hufa mwaka uleule. Alirudi safari nyingine na mbegu kwenye kopo la maziwa, mbegu ndogo zinazoteleza kama mchanga wa ufukweni, akamshauri apande nusu ya bustani, nusu nyingine aendelee kula.

Ushauri huo Mwanamwema hakuufuata, na hakuukataa kwa ujinga. Alijua kiduha kingevuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Alijua pia kwamba kama angegawanya njaa mafungu mawili, angekaa na njaa vuli mbili badala ya moja. Kidonda hakitibiwi nusu, alijiambia. Alikwisha chunguza sharti la kutopanda cha kudumu, akaliona liko salama, na moyo wake ukatulia. Sharti la pili, la kula, halikumjia hata kidogo. Lingemjiaje? Katika maisha yake yote pale hakuwahi kupitisha hata wiki bila kula kitu cha bustani ile. Mtu hukumbuka kufunga mlango ambao huingiliwa na wezi. Ule ambao haukupata kufunguliwa hauangalii.

Mvua za vuli zilipoanza aling'oa mashina ya mwisho ya bamia, akasafisha matuta yote, akatawanya mbegu kwa mkono na kuzifunika kwa jembe jepesi. Zikaota. Baada ya muda mfupi ardhi haikuonekana. Marejea yalisimama membamba na ya kijani, mengi sana, yakisongamana kama watu kwenye harusi, na upepo wa bahari ulipopita yaliinama yote pamoja. Tangu mumewe afariki, hakuwa ameona kijani cha namna hiyo nyuma ya nyumba yake.

Kijani hicho hakikupikwa. Vuli ile Mwanamwema aliishi kwa kusuka ukili wa mikeka na kwa chaza aliowaokota maji yalipokupwa. Alikula muhogo aliopewa, mara nyingi bila kitoweo, na siku nyingine alikunywa uji mwepesi akalala. Nguo zilimpwaya. Wateja wake wa mboga walizoea kununua kwa mwingine. Alipoulizwa kama anaumwa, alisema ana kazi inayoendelea.

Hafsa, jirani yake wa upande wa kaskazini, ndiye aliyeuliza kwa sauti kubwa. Alisimama kwenye ua wa makuti, mkono kiunoni, akayatazama marejea.

"Weye Mpemba, umepanda uganga gani huo? Mbona hauchumwi?"

"Si uganga. Ni marejea."

"Marejea ya kwenda wapi?"

"Ya hapahapa. Nairejesha ardhi."

Hafsa alicheka, akasema alidhani shoga yake anarejea kwao Pemba na kumwacha peke yake na mbuzi. Hakuwa na nia mbaya. Lakini alikuwa mtu wa simu, na miongoni mwa watu aliozungumza nao kila mara alikuwamo Zuleha, mke wa Luqmani, aliyeishi Usagara mjini Tanga. Luqmani alikuwa mwana wa pekee wa Mzee Uweso. Hafsa alipokwisha kueleza habari za ndoa na za misiba, alieleza na habari za Mwanamwema: kwamba amekonda, kwamba bustani imegeuka msitu, kwamba halimi tena chakula, na kwamba amesema mwenyewe anairejesha ardhi. Zuleha akampelekea mumewe maneno hayo kama alivyoyapokea.

Luqmani alikuja wakati marejea yalipoanza kutoa maua. Alikuwa muuza vipuri vya pikipiki, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, na aliongozana na mtu mwingine ambaye hakujitambulisha. Mtu huyo alipita pembeni mwa bustani akiitazama kutoka kona hii hadi ile, kwa macho ya mtu anayepima bila kamba.

"Shikamoo, mama," alisema Luqmani.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Zuleha hajambo?"

Aliitikia kwamba hajambo, akakaa kwenye mkeka, akakataa maji. Alishukuru kwa muda mrefu. Alisema baba yake alimpenda Shaib kama ndugu, na kwamba siku zote yeye Luqmani alimheshimu Mwanamwema kwa kutunza masharti. Wengine wanapanda michungwa usiku usiku, alisema, lakini yeye hata mche wa mwembe hakuuacha. Na sasa ameonyesha uungwana mwingine, wa kurudisha kitu kabla ya kuombwa.

Mwanamwema hakuelewa. Alimuuliza ni kitu gani alichokirudisha.

"Ardhi, mama. Si umesema mwenyewe? Watu wote wanajua umepanda marejea."

Alijaribu kumweleza. Alizungumza juu ya kiduha, juu ya mizizi, juu ya Manase na michungwa yake. Aling'oa mmea mmoja akamwonyesha vile vijivimbe vidogo, akavipasua kwa ukucha, ndani vikawa vyekundu kama nyama. Luqmani alitazama kwa adabu. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti, alichokula kutoka bustani ile tangu vuli ianze.

Hapo ndipo sharti la pili lilipomjia Mwanamwema, lote kwa pamoja, kwa sauti ya Mzee Uweso mwenyewe. Yule mtu asiyejitambulisha alikuwa amefika kona ya mwisho, akawa anapangusa viatu kwenye majani.

"Mie sikufukuzi, mama," Luqmani alisema. "Nina watoto shuleni na nyumba ya kupanga. Ungekuwa unakula humu, nisingekuja. Wallahi nisingekuja."

Shauri lilipelekwa kwa Bwana Nasri, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye aliwaita wahusika nyumbani kwake baada ya swala ya alasiri. Wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki na wanawake kwenye jamvi. Nasri alikuwa mtu wa haki, na kwa sababu hiyo hakupenda kuamua haraka. Alisema maneno ya marehemu hayawezi kusemwa na mwanawe wala na mjane, kwa kuwa kila mmoja ana lake. Lazima aseme mtu aliyekuwapo. Na waliokuwapo barazani siku ile walikwisha kufa wote, isipokuwa Bi Mastura, dada wa Mzee Uweso, ambaye ndiye aliyekuwa akimimina kahawa.

Bi Mastura alikuwa amezeeka sana, lakini kumbukumbu yake ilikuwa nzima. Alimpenda Mwanamwema. Alikuwa amekula mchicha wake kwa miaka mingi, na kila mtu aliyekuwa mle ndani alijua kwamba kama angeweza kumsaidia angemsaidia. Aliombwa aseme. Aliutazama mkono wake kwanza, kisha akayasema maneno ya kaka yake, taratibu, moja baada ya jingine, pamoja na lile la mwisho: siku atakapoacha kula humo, itarejea kwetu.

"Ndivyo alivyosema," alimalizia. "Nisameheni. Aliye kaburini hasemewi uongo."

Mwanamwema hakumlaumu. Alikuwa amejiandaa kwa maneno hayo, na alikuwa amekuja na sufuria. Aliifunua. Ndani mlikuwa na majani machanga ya marejea, yaliyopikwa kwa tui la nazi. Manase alikuwa amemwambia kwa simu kwamba kuna watu wa huko ziwani wanaoyala kama mboga, na Mwanamwema alisema mbele ya wote kwamba, kama ni hivyo, basi bustani yake imejaa chakula na hakuna sharti lililovunjwa.

Watu walitamani jambo hilo liwe kweli. Nasri aliomba kijiko. Alionja, akatafuna kwa muda mrefu, akameza kwa taabu. Machungu yale yalionekana usoni kwake ingawa alijitahidi kuyaficha. Kijiko kikapita. Hafsa, aliyekuja kwa majuto kwa sababu ya simu yake, alikula vijiko viwili vilivyojaa, akasema mboga nzuri, machozi yakimlengalenga. Mzee mmoja alitema mlangoni, akasema hii ni dawa ya minyoo, na watu wakacheka kidogo kisha wakajizuia.

Luqmani hakucheka. Aliweka kijiko chini akamgeukia Nasri, akasema yuko tayari kukubali kwamba ni chakula. Wapo watu wanaokula machungu kuliko hayo. Ana swali moja tu, na mama akilijibu yeye ataondoka na jibu hilo, liwe lolote.

"Mama, ulianza kuyala lini?"

Hakuna aliyeweza kumpinga kama angesema tangu yalipoota. Aliishi peke yake. Chungu chake hakikuwa na shahidi. Hafsa alimtazama kwa nguvu, kama mtu anayemsukuma mwenzake mgongoni. Bi Mastura aliinamisha kichwa.

"Jana," alisema Mwanamwema.

Nasri alifunga macho. Baadaye watu walisema kwamba aliyafunga kwa hasira, si kwa Luqmani bali kwa yule mjane, ambaye hakumpa hata upenyo wa kumsaidia. Alimuuliza kwa nini hakuacha hata tuta moja la kunde. Tuta moja tu lingemlinda. Mwanamwema alijibu kwamba alitaka kumaliza njaa mara moja, asiigawe. Mwenyekiti alitamka kwamba ardhi ya nyuma imerejea kwa mwana wa Uweso. Nyumba ni ya Mwanamwema, na mipaka yake ni ile inayojulikana na kila mtu: nyumba ni yako mpaka linapoangukia tone la paa lako. Na kama ilivyo desturi, aliyeazimwa ardhi haondoki kabla ya kuvuna alichopanda.

"Avune nini, Bwana Nasri?" aliuliza Luqmani, na safari hii sauti yake ilikuwa na uchovu. "Maua?"

Swali lilikuwa la haki, na ndilo lililoumiza kuliko hukumu. Mahindi huvunwa yakabebwa kwenye gunia. Muhogo hung'olewa. Marejea mavuno yake ni udongo wenyewe, na udongo ulikuwa umekwisha kuwa wa mtu mwingine. Mwanamwema aliomba aachwe akate na afukie, kisha angoje yaoze. Alisema mavuno yake yako chini, na akiruhusiwa atayachukua. Luqmani alikubali. Yule mtu aliyekuja naye, ambaye ndiye mnunuzi, alisema, hakuwa na haraka. Mafundi hawangekuja kabla ya Ramadhani.

Kesho yake alianza kukata. Alifanya kazi kwa panga asubuhi na kwa jembe jioni, akiyakatakata mashina na kuyageuzia udongo juu yake. Kwa njaa, akawa anakaa chini mara kwa mara. Hafsa alikuja kumsaidia upande mmoja. Walipomaliza, bustani haikuwa na jani. Ilikuwa ardhi iliyogeuzwa tu, yenye harufu ya kijani kinachooza, na anayepita angedhani hakuna kilichowahi kupandwa pale.

Lori lilikuja mapema kuliko ilivyosemwa. Lilileta mawe ya msingi, likarudi nyuma mpaka kwenye bustani, likasimama. Dereva, kijana mwenye adabu, alishuka akamuuliza Mwanamwema kama kuna kitu pale asije akakiharibu.

Aliitazama ardhi.

"Hakuna kinachoonekana," alimjibu.

Dereva akapanda tena, na mawe yakashuka. Yaliifunika nusu ya bustani. Chini yake marejea yaliendelea kuoza kama yalivyotakiwa, bila faida kwa yeyote.

Nusu iliyobaki ilichimbwa na mafundi. Kiongozi wao, Asheri, alikuwa Mbondei kama Manase, mtu makini na kazi yake. Sururu yake ilipoingia ilizama bila kugonga kitu, akaguna. Udongo ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Ulishikana kidogo mkononi, kisha ukaachia, na ndani yake nyungunyungu walijikunja kwa kupigwa na mwanga. Asheri alisema hajapata kuona udongo wa namna ile Kigombe, na kwamba kwa bahati mbaya haufai hata kidogo. Ni laini mno, nyumba haisimami juu yake. Itabidi autoe wote mpaka afike pagumu, akautupe ufukweni.

Mwanamwema alimwomba amwachie. Asheri alishangaa, akasema achukue wote atakaoweza, atakuwa amewapunguzia kazi. Basi Mwanamwema alileta karai, akawa anabeba. Aliumwaga kando ya ukuta wa nyumba yake, ndani ya mpaka wa tone la paa, kwenye ukanda mwembamba ambao mtu hawezi kulala kwa kukingama bila miguu yake kuingia kwa jirani. Aliuzuia kwa mawe madogo usitiririke. Mafundi walipoona, wakaanza kurusha udongo wa sepetu zao upande wake, na mmoja alimtania kwamba bibi ndiye mtu wa kwanza kuwaibia uchafu. Alitabasamu. Kulikuwa na nafasi ya safu moja ya mchicha, pengine na mashina machache ya bamia pembeni. Haukuwa wa kuuza. Ungetosha chungu cha mtu mmoja kwa siku kadhaa, kisha kungoja.

Alipopumzika, aliiona kamba ambayo Asheri alikuwa ameifunga kutoka kigingi hadi kigingi. Ilipita hatua chache tu kutoka ukanda wake, upande wa mashariki. Aliuliza kama ukuta wa nyumba mpya utasimama pale.

"Hapo hapo, mama. Kwenye kamba."

"Na utapanda mpaka wapi?"

Asheri alinyoosha mkono juu kumwonyesha, ukapita paa la bati la Mwanamwema, ukaendelea. Katikati ya kuonyesha alielewa alichoulizwa. Aliushusha mkono polepole. Alisema saa sita mchana jua huwa juu kabisa, huenda kidogo likafika.

"Huenda," alisema Mwanamwema.

Mchicha bila jua hurefuka, hupauka, kisha hulala. Hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu. Lakini shimo la msingi lilikuwa bado wazi, na udongo uliobaki ungepelekwa ufukweni kabla ya magharibi. Akaliokota karai lake akarudi kuchota.